Daktari wa Ng'ambo ya Barabara

Duka langu liko Uyole, hatua kama ishirini kutoka barabara kuu. Nauza ndoo, mabeseni, sufuria, chupa za chai na makorokoro ya plastiki ambayo mke wangu husema siku moja yatatufukia. Mbele ya duka kuna kibaraza cha saruji, mbele ya kibaraza kuna vumbi, mbele ya vumbi kuna lami, na juu ya lami kuna malori. Yanapita mchana kutwa, mengine yakielekea Tunduma, mengine yakiteremka Dar, na dereva aliyebeba shaba hana habari na mtoto wa miaka mitatu anayekimbiza kifuniko cha sufuria.

Nayatanguliza haya kwa sababu nataka ieleweke kwamba sikuanza kwa ubaya. Mwanangu wa pekee, msichana, alijua kukimbia kabla ya kujua kusikia. Ukimwambia "rudi" anacheka, ukimfuata anaona ni mchezo. Siku moja alifika mpaka ukingoni mwa lami. Nilimdaka kwa kola ya sweta, upepo wa lori ukatupiga wote wawili usoni. Nikamrudisha, nikamchapa viganjani. Nusu saa baadaye nilimkuta pale pale.

Ng'ambo ya barabara tunatazamana na bucha. Mwenye bucha ni Mnyakyusa, jirani yangu wa miaka mingi, mtu wa mizaha, huniita shehe ingawa anajua fika kwamba zipo Ijumaa ninazopitiwa. Bwana afya alikuwa amembana avae koti jeupe. Naye kwa kukomoa akanunua refu kuliko yote sokoni, likamfika magotini, akaongezea na buti nyeupe za mpira. Ikifika saa nne asubuhi koti lile limeshaingia damu kifuani na mikononi. Nyuma yake nyama zinaning'inia kwenye ndoano, mbele yake kuna gogo na shoka.

Siku hiyo ya lori, nilipomkuta tena ukingoni, nilimnyanyua mwanangu nikamgeuza atazame ng'ambo. Nikamwambia, "Unamwona yule? Yule ndiye daktari. Mtoto anayekwenda barabarani, daktari anamchukua, anamchoma sindano." Jirani yangu aliona ananyooshewa kidole. Maneno hakuyasikia, lakini kazi yake aliielewa, maana hakuna mzazi hapa kwetu ambaye hajawahi kumtishia mtoto sindano. Akachukua kisu, akakinoa mara mbili tatu kwenye chuma, akatikisa kichwa taratibu. Mtoto akaficha uso shingoni mwangu, nikausikia moyo wake ukienda mbio kwenye bega langu.

Tangu hapo hakuvuka tena ukingo wa kibaraza. Kifuniko kikimkimbia mpaka vumbini, anasimama anakitazama, kisha anakuja kuniomba nimchukulie. Nilijiona mwerevu. Nilikuwa nawasimulia wateja, na mama mmoja muuza viazi aliyepanga magunia yake kando ya duka akaniomba nimwonyeshe na wa kwake. Ikawa ukipita mstari wetu utasikia "daktari anakuona" mara kumi kwa siku, na jirani yangu kule ng'ambo anainua kisu na kucheka. Mwaka mzima na zaidi ulipita hivyo. Mtoto alikua mzima, na mimi niliamini kwamba hilo ndilo jambo moja la malezi nililolifanya sawasawa.

Ajali haikutoka barabarani. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ya kwetu ile ya ukungu mpaka saa nne, na mke wangu alikuwa amewasha jiko la mkaa uani. Mtoto alikuwa na miaka minne na nusu. Alikuwa amejifunga kanga kama mama yake, ikamzidi urefu, akakanyaga upindo, akaanguka na kutanguliza mkono wa kulia. Kiganja kilitua kwenye makaa.

Majirani walikuja na dawa ya meno, na asali, na mmoja na unga wa ngano. Mke wangu aliwafukuza wote, akaushikilia mkono ule kwenye maji ya bomba mpaka yeye mwenyewe vidole vikafa ganzi. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni jipya la dukani, bado lina karatasi ya kiwanda, sijui hata nililichukua la nini.

Hospitalini tulipokelewa vizuri, nalisema hilo ili nisionekane natafuta wa kumlaumu. Daktari alikuwa kijana, mpole, koti lake limepigwa pasi. Mwanangu, ambaye njia nzima ndani ya bajaji alikuwa akiguna tu kifuani kwa mama yake, alimwona akitokea mlangoni akapiga ukelele wa kumtisha mtu mzima. Wote walidhani ni maumivu. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa uso wake, nikaona macho yanakwenda wapi. Yalitazama koti, yakapanda ukutani, yakatafuta, yakatua kwenye chuma kirefu cha kutundikia dripu, chenye ndoano mbili kichwani. Kwenye ndoano mojawapo ulining'inia mfuko wa damu wa mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Baba," akasema katikati ya kilio, "nisitundikwe."

Nesi aliyekuwa anaandaa pamba, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aligeuka. "Anasemaje?"

"Sijui, sista," nikajibu. "Anaweweseka tu."

Nilijua. Nilijua pale pale. Kwa mwanangu daktari hakuwa mtu wa kuchoma sindano na kutoa peremende. Mtoto alikuwa amemtazama daktari wake kazini, ng'ambo ya barabara, kwa mwaka mzima, kila siku, toka asubuhi mpaka jioni. Alikuwa ameona anavyokata, anavyopasua kwa shoka, anavyotundika, na anavyowafungia watu vipande kwenye mfuko waende navyo nyumbani. Na aliyemleta kwa daktari huyo, kwa bajaji, ni baba yake.

Tulimshika watu wanne. Mimi nilipewa miguu.

Nesi alipomaliza kufunga bandeji alituita pembeni. "Baba, mama, kiganja ni kazi. Ngozi ikipona yenyewe inajivuta. Vidole visiponyooshwa vitajikunja na kubaki hivyo hivyo. Leo mmemleta, kesho mnapumzika, kesho kutwa mnamleta tena, hivyo hivyo. Nitasafisha, nitanyoosha, nitafunga. Msiruke hata siku moja." Akautazama mkono wa mtoto, ambaye kwa kuchoka kulia alikuwa amelala. "Wa kulia huu. Hata kalamu bado hajashika."

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi moja tu: sista, nilimwambia kwamba mwenye bucha ni daktari. Lakini mke wangu alikuwa amesimama pale, kanga imelowa, vidole vyake mwenyewe vimevimba kwa maji ya baridi. Niliona nitaonekana mpumbavu. Nikajipa moyo kwamba atazoea, watoto wanazoea. Nikafunga mdomo.

Hakuzoea. Safari ya pili alianza kulia tulipofika kwenye geti, ya tatu alianza kulia ndani ya bajaji. Yule nesi alijaribu kila alichokijua, na alijua mengi. Alivua sare akajifunga kitenge. Akampa bomba la sindano lisilo na sindano ajaze maji, amrushie mtu yeyote anayemtaka. Watoto wengine pale benchi waligombania bomba lile wakalowana kwa kicheko, wa kwangu alilishika kwa mkono mzima akaliweka chini polepole. Nesi akamfunga bandeji mwanasesere wa vitambaa. Akamwachia asogee mwenyewe, hatua moja moja, mpaka mlangoni tu, kabla ya kuguswa. Mke wangu alimwimbia nyimbo za kwao za Kihehe. Mimi nilinunua soda.

Mtoto alikuwa anatazama juu tu, kwenye ule mti wa dripu.

"Kuna kitu anakiogopa kuliko sindano," nesi aliniambia safari hiyo ya tatu tukiwa wawili. "Sindano yenyewe wala sijamchoma. Nyumbani hamkijui?"

"Watoto tu, sista," nikasema, nikatazama benchi.

Namchukia sana mtu yule aliyetazama benchi. Ningekutana naye leo ningemkamata mashati.

Safari ya nne mtoto alijificha chini ya meza ya duka, akajishika kwenye mguu wa meza kwa mkono mzima. Mke wangu alikuwa amechoka kupita kiasi, na mimi nikapata tena akili nyingine ya busara. Nikainama nikamwambia, "Haya, basi, hatuendi hospitali. Tunakwenda Ilula kwa bibi." Bibi yake wa Ilula, mama wa mke wangu, anauza nyanya kando ya barabara kule Kilolo, na katika dunia nzima hakuna mahali mtoto huyu anapapenda kama pale, kwa sababu mabasi husimama na bibi humruhusu kukaa juu ya tenga tupu na kupunga mkono. Akatoka chini ya meza. Akavalishwa gauni la safari, akachukua begi lake dogo, akachagua mwenyewe kikombe kimoja cha plastiki cha kumpelekea bibi. Mke wangu aliniangalia.

Bajaji ilipokata kona ya hospitali mtoto aliniangalia vilevile kama mama yake. Hakupiga kelele siku hiyo. Alikumbatia kile kikombe, akajikojolea, na alipokuwa anasafishwa mkono alilia bila sauti, mdomo umefunguka tu. Nesi aliniambia kwa upole, "Baba, usifanye tena hivyo." Nikasema sitafanya tena.

Wiki iliyofuata simu ilitoka Ilula kwamba bibi amebanwa na kifua, hawezi hata kufika mezani kwake. Mke wangu alikuwa mtoto wa kike pekee, ilibidi aende. Tulipanga aende na mtoto, na nesi alikuwa tayari kumwandikia karatasi ahudumiwe kule. Lakini asubuhi ya safari, mtoto aliposikia neno Ilula tu, alitambaa chini ya kitanda mpaka ukutani. Mama yake alimbembeleza kwa Kiswahili, kwa Kihehe, akampigia bibi simu. Bibi akamsalimu kwa sauti ya kukoroma, "Kamwene, mjukuu wangu, njoo unione." Kutoka chini ya kitanda ikaja sauti, "Huyo si bibi." Mke wangu alipanda basi peke yake, nami nikabaki na mtoto na ratiba ya bandeji.

Siku ya kwanza ya zamu yangu nilimbeba mpaka getini pa hospitali. Alikamata chuma cha geti, na alikikamata kwa mkono ulioungua. Nilijaribu kumbandua kidole kimoja kimoja, akawa ananitazama usoni bila kulia, na bandeji ikaanza kulowa. Mlinzi alisema, "Mzee, mwache kwanza apumue." Niliacha. Niligeuka naye nikarudi nyumbani, na njia nzima nilijisikia nafuu, nikajichukia kwa nafuu ile, lakini sikuikataa.

Siku ya kwenda tena ilipofika, alinifuata dukani kabla sijamwita. Akanyoosha bandeji mbele yangu.

"Baba, imepona."

"Imepona?"

"Ndiyo. Haiumi." Akaigonga kwenye goti lake mara moja, akatabasamu. Akaigonga tena.

Mtu mzima mwenye akili zake anajua mtoto anapogonga kidonda huku anakutazama usoni anafanya nini. Mimi nina akili zangu, biashara nimeiendesha miaka kumi na minne. Lakini nilimwamini, kwa kuwa kumwamini kulinipunguzia safari. Jioni mke wangu alipopiga simu kuuliza, nilimwambia tunaendelea vizuri. Alisema, "Alhamdulillahi," ingawa yeye ni Mlutheri, alilisema kwa ajili yangu. Nikashukuru naye.

Siku zilikwenda hivyo, sita, saba, nane. Harufu ilipoanza nikafikiri ni maziwa yaliyomwagika. Ilipozidi nilinunua bandeji safi nyeupe, nikamfunga juu ya ile ya zamani, na mtoto akaupokea ule mchezo vizuri sana, akaunyoosha mkono bila taabu, maana hakuna kilichofunguliwa. Tulikuwa tunadanganyana watu wawili na wote tulifurahi. Mteja mmoja alimsifu, akasema kijana wangu wa kike ni jasiri.

Mke wangu alirudi siku ya kumi na mbili. Mama yake alikuwa ameanza kukaa na kula, na alikuwa amempa tenga la nyanya alete. Aliingia na tenga kichwani. Kabla hajalitua alisimama mlangoni akanusa.

"Nani ana kidonda humu ndani?" akauliza.

Tulikimbilia hospitali, nyanya zikabaki zimemwagika mlangoni, yule mama muuza viazi ndiye aliyeziokota.

Nesi aliiloweka bandeji kwa maji ya chumvi muda mrefu, na kila safu iliyobanduka alikuwa anaitazama na kuiweka pembeni bila kunikaripia. Ningependa angenikaripia. Mtoto alikuwa ameshikiliwa na mama yake, homa imempanda, hana hata nguvu za kupiga teke. Safu ya mwisho ilipotoka tuliuona mkono. Kidole gumba na vile viwili vinavyofuata vilikuwa vimekunjamana lakini viko huru. Kidole cha nne na cha mwisho vilikuwa vimelala ndani ya kiganja, ngozi mpya imevifunika, nyekundu, laini, imevikamata pale chini.

Daktari kijana alikuja akavigusa kwa ncha ya kalamu. "Hivi vitatu tutavipigania," akasema. "Hivi viwili, labda baadaye upasuaji, akishakua kidogo, hospitali kubwa. Siwaahidi kitu."

Nilimwambia mke wangu pale kwenye korido. Nesi alikuwa karibu, anaosha mikono kwenye sinki, alisikia kila kitu. Nikaeleza toka siku ya kola ya sweta: kidole nilichonyoosha, kisu kilichonolewa, nyama zilizoning'inia, ule mti wa dripu na lile neno nisitundikwe. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Nilipomaliza nesi alifunga bomba. Akasema taratibu, "Ungeniambia siku ile, baba, ningekitoa kile chuma nje. Kina magurudumu."

Mke wangu alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Nguo zake bado zilinuka basi na nyanya. "Usiniambie mimi," akasema. "Kamwambie yeye."

Nilianza na jirani. Niliivuka barabara asubuhi mapema, nyama bado haijaletwa, nikamkuta anafagia. Nilipomweleza aliketi juu ya gogo lake, fagio mkononi.

"Shehe, mimi nilijua ni utani," akasema. "Watoto wa ng'ambo yako wakiniona njiani wananikimbia. Nikienda kanisani wananikimbia. Nikawa nasema, ndiyo watoto, watakua. Mmoja alianguka pale mtaroni, nikaenda kumwinua, akaniuma mkono." Akavuta pumzi. "Kumbe nimekuwa namtengenezea mwanao ulemavu huku nacheka."

"Si wewe. Ni mimi."

"Gwe shehe, tuache kugombania hilo. Mlete."

Nilimleta mgongoni, kwa sababu kutembea alikataa. Nilipokanyaga lami alinibana shingo mpaka nikakohoa. Jirani yangu alikuwa amevua koti, amelikunja, ameliweka juu ya gogo. Alikuwa amevaa sweta la kijani lililochanika kiwiko, na bila koti lile alikuwa mzee wa kawaida mwenye kitambi. Ndoano zilikuwa tupu. Alizigusa moja moja zikalia.

"Mama," akamwambia mwanangu, "mimi si daktari. Sijawahi kuwa daktari hata siku moja. Mimi nauza nyama ya ng'ombe. Baba yako anakula, hata wewe unakula. Mtoto sijawahi kumgusa. Nilikuwa nafanya utani, na utani wenyewe ulikuwa mbaya. Unisamehe."

Mtoto alitazama koti, akatazama ndoano, akamtazama yeye usoni kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza mimi, sikioni, "Kwa hiyo ulinidanganya?"

"Ndiyo, mama. Nilikudanganya."

"Na Ilula?"

"Ilula ipo kweli na bibi yupo. Siku ile ndiyo nilikudanganya."

"Na gari linaua?"

"Hilo ni kweli. Gari linaua kweli kabisa."

Alinitazama kama anavyonitazama mteja ninapomwambia ndoo hii haipasuki.

Siku ya bandeji iliyofuata nilichuchumaa mbele yake nyumbani, kabla ya bajaji, nikamwambia kila kitu kama kilivyo. Nikamwambia tunakwenda hospitali, si kwingine. Sista atafungua, atasafisha, atanyoosha vile vitatu, kisha atafunga, na hakuna mtu atakayetundikwa. Nikamwambia itauma. Akauliza kama sana, nikasema sana. Alilia, lakini alivaa viatu mwenyewe.

Nesi alikuwa amekitoa chuma cha dripu nje ya chumba. Mtoto alisimama mlangoni akakagua kuta zote nne. Moyo wangu ulikuwa umejaa matumaini ya kijinga, nikamwekea mkono begani, nikamwambia, "Unaona, mama, kama baba alivyokuambia." Akautoa begani mkono wangu, wala si kwa hasira. Akamwendea nesi, akasimama mbele ya miwani ile ya kamba.

"Eti itauma?"

"Itauma, mama," nesi akasema. "Nitafanya haraka."

"Eti hamtundiki?"

"Hatutundiki."

Ndipo akaunyoosha mkono. Alipiga kelele toka mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyemshika, na mkono hakuurudisha. Mimi nilisimama karibu na mlango na kile kikombe cha plastiki alichokuja nacho, nikawa sina kazi. Nilitaka anililie mimi. Alimlilia nesi.

Hiyo ni miezi mingi iliyopita. Vidole vitatu vimenyooka, ameanza shule ya awali, na kalamu anaishika kwa namna yake mwenyewe. Viwili bado vimejikunja kiganjani, na tunangoja akue. Hospitali anaingia kwa miguu yake. Nesi anamwita mkaguzi. Kwa bibi Ilula tumekwenda mara mbili, ingawa kwenye basi alimuuliza kondakta, na akamuuliza abiria wa kiti cha nyuma, kama kweli linakwenda Ilula.

Siku hizi jirani yangu ni rafiki yake mkubwa. Kila jioni akitoka shule hutaka kuvuka kumsalimia, na kwa kuwa hakuna tena daktari wa kumzuia, kazi ya barabara imebaki yangu. Jana tulisimama ukingoni mwa lami. Nikampa mkono, naye akanipa wa kulia, akaning'iniza vile vidole viwili vilivyopinda kwenye kidole changu kama anavyopenda. Lori lilipita, basi likapita, kukawa kweupe pande zote. Nikasema, "Haya, hakuna gari. Tuvuke."

Hakusogea. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akamgeukia mama muuza viazi aliyekuwa nyuma yetu anafunga magunia.

"Mama, eti hakuna gari?"

"Hakuna, mama, vukeni," yule mama akasema.

Ndipo akanivuta.